Zinki Niliyoipaka Rangi

Wiki iliyopita, baada ya kusoma jinsi nilivyoingia kazini kwa barua ya kughushi, msomaji mmoja wa Mabawe alinitumia ujumbe: "Dada Joyness, hivi huna hata haya?"

Sina, ndugu yangu. Ningekuwa nazo nisingeandika gazetini. Mficha uchi hazai.

Kwa yule aliyefungia maandazi gazeti lile kabla ya kulisoma, nampa kwa kifupi. Nilikaa Muscat miaka sita, mpishi wa nyumbani kwa Bwana Hilal, injinia wa mtambo wa kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Mama yake alizaliwa Pemba, kwa hiyo Kiswahili chake kilinishinda mimi Mhangaza niliyekisomea shuleni kwa viboko. Na mazungumzo yake yalikuwa ya kitu kimoja tu: kutu. Mkewe akisikia neno hilo anaondoka mezani. Nikabaki mimi na birika la kahawa, nikisikiliza.

Niliporudi kwetu Nyakisasa nilikuta wafadhili wamechimba kisima kirefu, maji yametoka na chumvi. Ng'ombe walifurahi, watu wakanuna. Ukaletwa mtambo mdogo wa kutoa chumvi, ikatafutwa akili ya kutunza vyuma vyake visiliwe. Mimi nikaenda Kabanga, nyuma ya wabadilisha fedha, nikachongewa muhuri. Nikajiandikia barua kwamba nimefanya kazi mtamboni Muscat miaka sita, nikaitia saini ya Bwana Hilal. Tangu siku hiyo nikaitwa Injinia. Hata mama yangu mzazi aliniita hivyo, ila yeye alikuwa akicheka.

Basi hapo ndipo nilipoishia. Leo nakiri jambo ambalo barua ile ni mtoto mdogo mbele yake.

Kwanza mjue zinki ni nini, msije mkanitukana bila kuelewa.

Maji ya kisimani yakipanda yanaingia kwanza kwenye tangi kubwa la chuma. Ndani ya tangi hilo vilifungwa vipande vinane vya zinki, kila kimoja ukubwa wa nusu mche wa sabuni ya kufulia. Kazi yake ni kuliwa. Chumvi inataka kula chuma, lakini ikikuta zinki inaanza na zinki. Ikiisha unafunga nyingine, na tangi linaishi miaka ishirini. Bwana Hilal alinieleza hayo siku moja akimenya chungwa. "Joyness," alisema, "mbwa mkali humpigi. Wamtupia mfupa, wapita."

Siku ya kwanza kazini nilimweleza hivyo hivyo mzee Ndayisenga, mlinzi wa mtambo.

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ni kama mihogo ya ukingoni," akasema, "ile tunayowaachia nguruwe pori wasiingie shamba."

"Hivyo hivyo, mzee."

"Ego," akasema, ndiyo yake ya Kirundi, akaondoka kufunga lango. Diploma yake ilikamilika hapo.

Huyu mzee alivushwa mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili. Karatasi ya uraia anayo, kaifunika plastiki isilowe. Ana ng'ombe wanne, na ruhusa ya kamati kuchukua yale maji makali ya chumvi ambayo mtambo unayatupa, awanyweshe. Ni mpole. Lakini akikosana na jirani kwa sababu ya mbuzi tu, utasikia: arudi kwao.

Sasa tuje kwenye dhambi yenyewe.

Kwetu mgeni rasmi akitangazwa, kila kitu kisichoweza kukimbia kinapakwa rangi. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Miti inapakwa chokaa mpaka kiunoni. Kuku wa mama yangu alinusurika kwa mbio zake mwenyewe. Na sisi mtambo wetu ulikuwa unazinduliwa kesho yake, na mgeni alikuwa amesema anataka kuchungulia ndani ya tangi kabla halijajazwa, aone kazi.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee Matiasi, akaingiza kichwa kwenye mlango wa tangi. Mlango wenyewe ni tundu la duara, ukubwa wa ungo. Akakaa humo muda mrefu, matako nje. Kisha akatoka na uso wa msiba.

"Injinia, hivi vipande vya kijivu ni nini?"

"Zinki, mwenyekiti."

"Najua ni zinki." Hakujua. "Mbona haina rangi? Tangi rote rimependeza, harafu hivi vimekaa kama meno ya mzee. Mgeni akichunguria atasemaje?"

Pale tulikuwa watu kama kumi. Mmoja wao alikuwa kijana wa diploma kutoka wilayani, kashika kalamu na daftari, ananitazama kwa hamu ya kujifunza. Hamu hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Jibu nilikuwa nalo, nawaapia. Zinki haipakwi rangi, ukiipaka hailiki, na isipoliwa yenyewe litaliwa tangi. Bwana Hilal alikuwa karibu alie anapoeleza habari za watu wanaopaka zinki rangi. Lakini nikijibu hivyo, kijana atauliza kwa nini. Nikieleza kwa nini, atauliza kipimo gani, kwa mashine gani, kwa kanuni ya nani. Na mimi elimu yangu ilianzia kwenye kahawa ikaishia kwenye chungwa.

"Pakeni," nikasema.

Neno moja tu, wasomaji wangu. Kijana akaliandika.

Kazi akapewa Ndayisenga, maana ndiye mwembamba wa kupita mlangoni bila kuvua shati. Alikuja na kopo la rangi ya kijani iliyobaki kwenye mabomba, ile ngumu ya kuchanganya makopo mawili. Akanisogelea, akanong'ona.

"Mama, vya kuliwa hivi. Ukivipaka rangi vitaliwaje?"

Aliniuliza swali ambalo kijana wa diploma hakuliuliza. Nikaona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali.

"Paka, mzee. Sherehe ikiisha tutakwangua."

Alinitazama kidogo. "Ego," akasema, akaingia.

Sherehe ilifana. Mgeni alichungulia, akasema, "Safi sana," akafungua koki kwa mikono yake, maji yakajaa mpaka juu. Nani angesema tulimwage ili tukwangue? Nikasema mwezi ujao. Mwezi ujao nikasema baada ya kupanda maharage. Baada ya maharage nikaacha kusema.

Kila baada ya miezi mitatu nilikuwa napunguza maji, namulika tochi nikiwa mlangoni, kisha naandika ripoti kwa wafadhili. Naona kijani kinang'aa. Nikaandika: "Zinki zote nane ni nzima, hazijaliwa hata kidogo." Moyo ulijua. Mkono ukaandika hivyo hivyo, mara tatu, na ya mwisho niliipigia mstari chini kwa rula.

Mwezi wa kumi na moja tangu uzinduzi, tangi likaanza kukojoa.

Lilianzia kwenye mshono wa kuchomelea, upande wa mashariki, tone moja jekundu. Jumatatu yalikuwa matone. Jumanne ukawa mkojo wa dume. Jumatano pampu ilivuta hewa, ikakohoa, mtambo ukazimika, na akina mama wa Nyakisasa wakarudi bondeni na ndoo zao, mwendo wa saa nzima kwenda na zaidi kurudi, maana kurudi ni kupanda.

Mama yangu, Rozalia, aliporudi na ndoo ya kwanza aliitua mbele yangu.

"Injinia," akasema, na safari hii hakucheka. "Kunywa."

Mzee Matiasi hakukawia kupata mkosaji. Nani huwa anazunguka kwenye bomba la maji makali kila asubuhi? Mrundi. Nani ana ng'ombe wanaopenda chumvi? Mrundi. Ikasemwa kwamba alikuwa akiyarudisha yale maji makali tangini kwa ndoo, ili chumvi izidi, ng'ombe wake wanenepe. Kufikia Alhamisi walikuwepo watu watatu waliomwona kwa macho yao, mmoja wao ana mtoto wa jicho macho yote mawili.

Ukaitwa mkutano wa hadhara Jumamosi saa nne. Mtendaji wa kijiji alisema wazi: ikithibitika, mzee anakabidhiwa polisi, na hiyo karatasi yake ya uraia itapelekwa juu ikaangaliwe upya.

Mama yangu ni mzaliwa wa Biharamulo, alikuja huku kuolewa akiwa na ulimi wake mzima. Ijumaa asubuhi alinikuta nakorogakoroga uji sufuriani bila kuunywa.

"Ni wewe," akasema.

"Mama, sijui unasema nini."

"Nimekuzaa. Ulipokuwa mdogo ukivunja chungu ulikuwa unakoroga uji hivyo hivyo. Umefanya nini kwenye hilo tangi?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kanga yake.

"Kwa hiyo rangi ndiyo imeleta kutu."

"Ndiyo, mama."

"Hakuna mtu atakuamini," akasema. "Mimi mwenyewe mamako sikuamini. Lakini kaseme."

Nikaenda kwa Ndayisenga kwanza. Nilimkuta akisugua ng'ombe wake kwa gunzi la mahindi, polepole, kama mtu asiye na kesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Kaa huko, huyu mwekundu anapiga teke."

"Mzee, kesho nitasema kweli. Nitasema niliamuru mimi."

"Oya," akakataa, bila kuacha kusugua. "Wewe ukiondoka nani atautengeneza? Yule wa kalamu? Hapa hakuna mwingine anayejua vya kuliwa na visivyoliwa. Acha waseme ni mimi. Mimi nimezoea kuambiwa nirudi kwetu. Wewe hujazoea."

Nilitoka pale nimefura macho, nikasingizia moshi.

Jumamosi watu walijaa mbele ya mtambo hadi kwenye mashamba ya mahindi. Ndayisenga alikalishwa kwenye stuli peke yake, mgambo mmoja huku, mwingine kule. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Karatasi yake ya uraia alikuwa ameishika magotini.

Mzee Matiasi alianza kueleza. Kabla hajafika kwenye ng'ombe nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba niseme. Huyu mzee hana kosa. Tangi limetoboka kwa sababu zinki ilipakwa rangi, na aliyeamuru ni mimi."

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu mwingine.

"Injinia," alisema mzee Matiasi kwa upole, "rangi inazuia kutu. Hata mtoto wa darasa ra tatu anajua."

"Chuma, ndiyo. Zinki, hapana. Zinki inatakiwa iliwe."

"Tununue kitu ghari, tukifunge, iri kiriwe?" Watu wakaangua kicheko. Akanyoosha mkono wanyamaze. "Ndugu zangu, mnaona moyo wa huyu mama? Ameona mzee wa watu anateseka, akaamua kujitwisha. Huo ndio usomi wa kweri. Tumpigie makofi."

Wakanipigia makofi! Nilisimama pale nakiri kosa, napigiwa makofi kama bibi harusi.

Nikajua ninachotakiwa kusema: kwamba mimi si injinia, ni mpishi, na nimewadanganya toka siku ya kwanza. Lakini nikisema hivyo, nani atamsikiliza mpishi kuhusu zinki? Nikiwa injinia nina huruma tu, nikiwa mpishi najua pilau tu. Kwa namna zote mbili mzee wangu anakwenda. Hayo niliyawaza kwa haraka, na nakiri kwamba nyuma yake kulikuwa na woga mtupu. Kughushi ni jela. Nikakaa.

Mama yangu aliniangalia, akatema mate pembeni.

Hapo gari likasikika barabara ya Biharamulo, jeupe, la wafadhili, vumbi nyuma. Likasimama. Akashuka kijana wa diploma na daftari lake. Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango kwa adabu.

Ukatoka mguu mmoja wenye kiatu cha usalama kilichong'arishwa. Kiatu kile nilikipiga rangi kwa mikono yangu miaka sita.

Bwana Hilal alikuwa amezeeka ndevu, mengine yote yalikuwa yale yale. Mimi nilijibanza nyuma ya mama yangu, ambaye ni nusu yangu kwa upana.

"Salaam aleikum," akasema. "Mimi nilishastaafu. Lakini wafadhili wenu walitafuta mtu wa kuukagua mtambo, wakaona jina langu kwenye barua ya injinia wenu, wakanipigia simu."

Mnanifuata? Barua yangu mwenyewe ndiyo iliyompatia kazi. Njia ya mwongo fupi, lakini sikujua kama ina lami mpaka uwanja wa ndege.

"Nikasoma ripoti," akaendelea. "Zinki haikuliwa hata kidogo, miezi tisa, ndani ya maji ya chumvi. Na mstari chini. Nikasema hii haiwezekani. Nitakwenda nikaione kwa macho yangu."

Tangi lilikuwa limeshakauka. Akachungulia mlangoni na tochi, akaingiza mkono na spana, akafungua kipande kilichokuwa karibu. Akatoka nacho. Akakwangua kwa kisu, rangi ya kijani ikabanduka, chini yake zinki ikang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeonyeshwa maiti ya ndugu.

"Nani kaipaka rangi hii?"

Nikavuta pumzi. Kabla sijaitoa, Ndayisenga akainuka kwenye stuli.

"Ni mimi, mzee. Brashi nilishika mimi."

"Haya, amekiri!" akasema mtendaji. Mgambo wakamshika mikono yote miwili, karatasi yake ikaanguka chini.

Niliiona ikianguka. Nikajikuta mbele, nimeiokota, naifuta vumbi kwa gauni. Nilipoinua uso, Bwana Hilal alikuwa ananitazama.

"Joyness?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alilisema polepole sana. Akatoa karatasi mfukoni, akaiangalia, akaniangalia mimi, akaikunja. Niliujua muhuri ule hata kwa upande wa nyuma. "Ndiwe injinia wao?"

"Ndiye!" wakajibu watu kwa fahari. "Ndiye huyo!"

"Mimi ndiye niliyeamuru zipakwe," nikasema. "Nimewaambia, wamenipigia makofi."

Akanipa tochi.

"Ingia," akasema. "Ingia mwisho kabisa, usichungulie mlangoni. Niambie waona nini. Nitajua kama wajua."

Ukumbuke mlango ni ungo, na mimi si mwembamba. Nilipita kwa kusukumwa na akina mama wawili, na waliokuwa nyuma yangu waliona zaidi ya walichokuja kuona. Nikaanguka ndani kwa magoti.

Ndani kulikuwa na harufu ya damu ya chuma. Kuta zilikuwa zimebanduka magamba mekundu, unagusa yanadondoka. Katikati ya ule uozo zinki zinang'aa kijani, maridadi, kama wageni waalikwa. Nikahesabu. Sita ukutani, moja anayo Bwana Hilal mkononi. Saba.

Ya nane ilikuwa chini ya mlango wenyewe, mahali ambapo anayechungulia hawezi kupaona. Nikageuka, nikamulika.

Haikuwa na rangi. Haikuwahi kuwa nayo. Imeliwa, imebaki kijipande kama sabuni ya mwisho wa wiki, boliti zimechungulia nje. Na chuma kilichoizunguka, upana wa mikono yangu miwili nikiinyoosha, kilikuwa kizima. Rangi yake ya awali ipo, hakuna gamba hata moja.

Yule mzee alikuwa humu peke yake na brashi, siku ile. Alitii amri yangu kwa saba, na moja akaiachia nguruwe pori.

Nililia, wasomaji. Tangi lina mwangwi, nilisikika mpaka nje.

"Joyness! Waona nini?"

"Saba zimepakwa, ni nzima. Ya nane haikupakwa. Imeliwa karibu yote. Na chuma chake, baba, chuma chake ni kizima kabisa."

"Alhamdulillahi," nikamsikia Bwana Hilal. "Jamani, huyu mama asema kweli. Ni rangi ndiyo iliyoliua tangi. Hakuna aliyemwaga chumvi."

Nikasikia minong'ono, mama yangu akipiga kigelegele kimoja kifupi. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kutoka, kichwa kwanza, mabega yakapita, kifua kikapita.

Hapo nikamsikia mzee Matiasi.

"Subirini kwanza. Kama ya nane hakuipaka, basi arijua! Arijua rangi itaua tangi, akanyamaza miezi kumi na moja, akituangaria tu!"

Minong'ono ikageuka kelele. Kumbe alijua! Mtu wa bondeni akasema mzee arudi kwao. Mtendaji akanyanyua mkono.

"Mzee Ndayisenga. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulimwambia nani?"

Mimi wakati huo nimenasa. Nyonga zimekataa, nusu yangu iko ndani ya tangi na nusu iko nje kama kobe, nimeshikilia karatasi ya uraia ya mtu. Ndayisenga akainua macho akaniona. Alikuwa na jibu. Angenionyesha kwa kidole tu, aende nyumbani kwa ng'ombe wake.

"Sikumwambia mtu," akasema.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Aliniambia mimi! Aliniuliza vitaliwaje, nikamwambia apake!"

"Injinia, imetosha huruma," akasema mtendaji, na kwa mgambo: "Mpelekeni."

Bwana Hilal akaja mlangoni, akachuchumaa, uso wake karibu na wangu. Barua ilikuwa mkononi, imekunjuliwa. Alisema kwa sauti ya chini, ile ya mezani.

"Wanakuona msomi mwenye huruma, ndiyo maana hawakusikii. Nikiisoma hii na kusema saini si yangu, watajua kwamba mzee wa watu alimtii mtu asiye injinia, na wewe ndiye utakayepelekwa polisi badala yake. Nisipoisoma, utatoka humu ukiwa injinia. Miaka sita umenipikia, Joyness. Niisome au nisiisome?"

Nyuma yake niliwaona mgambo wameshafika na mzee kwenye mahindi. Hakugeuka. Koti lake la kanisani lilikuwa limepanda mgongoni kwa namna walivyomshika.

"Isome, baba," nikamwambia. "Kwa sauti kubwa. Kiswahili chako ni kizuri."

Akasimama, akavaa miwani.